Pamba ya Duka la Dawa na Sufi ya Mto: Nilivyoujua Utambi wa Vepu Nikiwa Mtwara

Mtu akiniletea vepu, yaani sigara ya umeme, inayomchoma koo, cha kwanza kulaumiwa ni betri. Betri ikipimwa ikakutwa nzima, lawama inahamia kwenye waya, kisha kwenye flava, yaani kile kimiminika kinachogeuzwa mvuke, mwisho kwa Mchina aliyekitengeneza kifaa. Pamba haitajwi. Ukiitaja wewe fundi, mteja anakuangalia kwa jicho la kuibiwa: pamba nayo ni kitu cha kulipia?

Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, pande za Soko Kuu. Vifaa hivi vilianza kunifikia kupitia watu wa mradi wa gesi asilia, kipindi mitambo ya Madimba inajengwa na bomba la kwenda Dar es Salaam linatandazwa, kabla halijazinduliwa mwaka 2015. Wengine walikuwa wageni, wengine vijana wa Dar waliokuja na kazi. Kifaa kikiwagomea hawakuwa na pa kukipeleka ila kwa mtu mwenye multimita na bisibisi ndogo. Kazi zilipoisha wakaondoka, vifaa vingine vikabaki kwa wenyeji, na wenyeji wakaendelea kuja mezani kwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa mvuta sigara wa miaka mingi, nikahamia huko, kwa hiyo ninayoyasema nimeyapitia pande zote mbili za meza.

Kama huvuti sigara, makala hii isikutie hamu. Nikotini iliyomo humo ni ileile, na ikishakushika haikuachii kwa sababu eti moshi wake unanukia embe. Naandika kwa aliyekwisha kuwa ndani, mwenye kile kifaa cha kujifungia waya na pamba mwenyewe.

Ukikifungua, ndani kuna kitako chenye vinguzo viwili. Unafunga koili, yaani waya uliozungushwa mara kadhaa ukawa bomba dogo lenye uwazi wa milimita 2.5 au 3. Unapitisha pamba katikati ya uwazi huo, mikia yake miwili inashuka kuchovya flava. Ukibonyeza, waya unapata moto na flava iliyonyonywa na pamba inageuka mvuke. Basi. Pamba ni utambi, na kazi yake ni kupandisha flava kwa kasi ileile waya unayoikausha. Ikichelewa, waya unakutana na pamba kavu, na hapo unavuta kitu ambacho hutakisahau siku nzima. Si suala la ladha tu. Flava nyingi zina glisirini, na glisirini ikipashwa moto kupita kiasi huvunjika ikatoa akrolini, hewa ileile inayokutoa machozi karai la mafuta ya kukaangia likisahauliwa jikoni.

Ukiwa na koili ya omu 0.5 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme) kwenye betri iliyojaa, volti 4.2, na kifaa hakina bodi ya kudhibiti umeme, inavuta ampea 8.4 na kutoa wati 35 hivi. Kijana akitaka mawingu makubwa akashusha hadi omu 0.2, betri ileile inatakiwa kutoa ampea 21 na wati zinafika 88. Hapo kwanza muulize kama betri yake inamudu, maana nyingi za madukani haziwezi hata kama zimeandikwa namba za kutisha. Kisha muulize: pamba umeibadilisha? Hajaibadilisha. Utambi uliokuwa unalisha wati 35 anautaka ulishe zaidi ya mara mbili, kwa mikia ileile na tundu lilelile.

Aliyenielewesha jambo hili vizuri kuliko video zote nilizowahi kutazama ni mjomba wangu wa Mikindani, ambaye hajawahi kuvuta hata sigara. Nilikwenda kumsalimia nikiwa na kifaa cha mteja mfukoni, nikakaa barazani kwake nikawa nakimalizia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sasa hicho ndiyo nini, umekuja kunitengenezea simu?"

Nikamweleza. Akakishika, akakigeuza, akacheka. "Hii koroboi ya umeme," akasema. Akauliza mafuta yanakaa wapi, nikamwonyesha. Akaushika mkia wa pamba kwa vidole viwili, akauvuta taratibu, ukagoma. "Mwenyewe kaubana huu. Utambi ukiujaza kwenye tundu la kopo, mafuta hayapandi, unaungua wenyewe. Ukiulegeza, mafuta yanamwagika na moshi unakujaa ndani. Ukiuvuta uje, lakini usije kirahisi."

Hiyo ndiyo kanuni, na sijaona aliyeisema vizuri zaidi. Pamba ikipita ndani ya koili, waya usogee kidogo kuifuata, lakini usipinde wala usitoke kwenye mstari wake. Ukivuta na husikii chochote, pamba ni chache: itaacha nafasi, flava itafurika, na zile sehemu za waya zisizoguswa na pamba zitapata moto wa peke yake. Ukivuta na koili inapinda, nyingi. Kumbuka pia kwamba pamba ikilowa inavimba. Ile iliyokuwa inabana kiasi ikiwa kavu itakuwa imejifunga kabisa ikishalowa. Wengi wanaojaza kupita kiasi wanafanya hivyo kwa kudhani pamba nyingi itabeba flava nyingi. Kubeba itabeba. Kuipitisha ndiyo haiwezi.

Mjomba hakuishia hapo. Akaniambia zamani hawakutia pamba kwenye koroboi, walitia kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kanga kuukuu. Kanga mpya ilikuwa haivuti mafuta vizuri kwa sababu ya wanga wa dukani. Mpaka ifuliwe miezi na miezi. Na kitambaa kikikosekana, walitia sufi. Msufi uko hapohapo nyuma ya nyumba, akaniokotea tumba lililopasuka. "Jaribu hii, ni ya bure."

Sufi ikikaa mkononi inakudanganya. Ni laini kuliko pamba, nyepesi, inang'aa, haina vumbi la kiwanda. Nikaomba glasi ya maji nikaidondosha. Ikaelea. Nikaizamisha kwa kidole, ikaibuka kavu. Mjomba akaleta chupa ya mafuta ya taa akachovya kipande kingine: kikanywa papo hapo. Hapo kuna somo lote la utambi. Uzi mmoja wa sufi ni mrija wenye hewa ndani na nta nje. Nta hiyo inakataa maji na inapenda mafuta, ndiyo maana zamani sufi ilishindiliwa kwenye makoti ya kuokolea watu baharini. Kwenye koroboi inafaa sana. Flava ya vepu si mafuta. Glisirini na propilini glaikoli, vimiminika viwili vinavyoundia flava, ni vitu vinavyochanganyika na maji, na sufi haivipokei kama inavyopokea mafuta. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu fulani "kinanyonya sana", muulize kinanyonya nini.

Pamba mbichi kutoka shambani nayo ina nta yake, ndogo, lakini inatosha kuifanya ielee. Huku kwetu hatulimi pamba, tunalima korosho. Pamba ya nchi hii inatoka zaidi Kanda ya Ziwa, kule Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Mteja wangu mmoja dereva wa lori aliniletea furushi la pamba mbichi kutoka huko akidhani ameniletea almasi. Ili itumike lazima nta itolewe, na maji ya moto peke yake hayaitoi. Kiwandani wanaichemsha na magadi makali kisha wanaing'arisha. Unaweza kujaribu na magadi ya dukani, ukasuuza na kusuuza. Sijaona sababu ya kujisumbua hivyo kwa kitu kitakachokaa mlangoni mwa mapafu yako, wakati pamba iliyokwisha kusafishwa inauzwa duka la dawa kwa bei ya chini. Furushi la dereva likaishia kwenye mto wa mwanangu.

Pamba ya hospitali, ile inayoviringishwa na karatasi ya bluu au ya zambarau, ndiyo ninayoanzia. Viwango vya kitabibu vinataka pamba ya namna hiyo ikidondoshwa majini izame ndani ya sekunde 10. Huna haja ya maabara: glasi ya maji na saa ya simu. Nikinunua bunda jipya nachomoa kipande, nakidondosha bila kukisukuma, nahesabu. Inayozama nafungua na kutumia. Inayozubaa juu ya maji inakwenda kusafishia bodi za simu kwa spiriti, na huko haina lawama.

Zile duara za kufutia vipodozi ni nzuri zaidi kwa mkono, kwa sababu nyuzi zake zimelala vizuri na unaweza kuzikata vipande vyembamba. Lakini hapo ndipo penye ujanja. Si kila kitu cheupe na laini kwenye duka la vipodozi ni pamba. Zingine zimechanganywa na nyuzi za plastiki, na plastiki kwenye waya wenye moto mkali sihitaji kukueleza. Chukua kipande kidogo sana, kishike kwa kibano, uwe nje na mbali na spiriti, kiwashe. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, majivu yake ukiyagusa yanapotea. Plastiki inajikunja, inayeyuka, inabaki tone jeusi gumu lisilosagika kwa vidole. Ukiona tone, tupa mfuko mzima.

Kipimo kingine nilikigundua kwa jirani yangu wakala wa pesa, mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Nilipitisha vipande viwili vya pamba chini yake: kimoja kikabaki kimefifia, kingine kikawaka weupe wa bluu utadhani kina betri. Hicho cha pili kimetiwa kemikali za kung'arisha weupe, zilezile zinazowekwa kwenye sabuni nyingi za unga. Tangu hapo kila bunda jipya linapita kwa wakala kwanza. Amezoea, ananiita daktari wa pamba, na wateja wake wakishangaa anawaambia nakagua pamba feki. Kwa sababu hiyohiyo usifue pamba ya vepu kwa sabuni ya unga hata siku moja.

Kuhusu kuchemsha, watu wamefanya ibada. Pamba nzuri ya duka la dawa tayari imechemshwa kuliko utakavyoweza wewe. Ninaichemsha dakika kumi au zaidi kidogo kwa sababu moja tu, kuondoa vumbi na ile ladha ya kabati, kisha namwaga maji, naweka mengine, naikamua kwa mikono safi. Ugumu hapa pwani ni maji yenyewe. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu, na ya karibu na bahari yana chumvi. Birika lako lina ukoko mweupe ndani? Basi ukichemshia pamba maji hayo, ukoko huo unahamia kwenye pamba, halafu unahamia kwenye waya. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, nakinga maji ya bati baada ya mvua kubwa za mwanzo kuosha paa. Kiangazi natumia ya chupa. Halafu ikauke kweli. Unyevu wa hapa unaweza kuifanya pamba ionekane kavu nje na ndani iwe bado, ukaifungia kwenye kopo, ukafungua na kukuta harufu ya uvundo. Naitandaza kivulini juu ya sahani safi, naifunika chandarua cha kufunikia chakula, naiacha mpaka ikishikwa isisikike baridi.

Kijana mmoja aliyekulia Lindi aliniuliza kwa nini nisitumie katani, mashamba ya mkonge yakiwa kwao. Nyuzi za katani ni nene na ngumu, zinafaa kamba na magunia. Nilimpa akajaribu kupitisha mwenyewe, akaacha. Makumbi ya nazi, hali kadhalika. Kuna utambi wa nyuzi za kioo uliotumika sana kwenye vifaa vya mwanzo. Unavumilia moto, lakini ukishakauka na kuungua mara nyingi unakatika vipande vidogo, na sitaki kioo kiwe njiani kuelekea mapafuni. Nyuzi za rayoni, zinazotengenezwa kwa massa ya miti, zinafanya kazi vizuri, na wanaozitumia huzijaza kidogo zaidi kuliko pamba. Hapa Mtwara huzipati kirahisi, tuziache.

Sasa kukata, ambako ndiko mkono wa mtu unakoonekana. Kipande kikatwe kwa kufuata ulalo wa nyuzi, si kuukata ulalo, kwa sababu flava inasafiri kwa kufuata uzi. Kabla ya kupitisha, waya uwe umepashwa moto mtupu bila pamba, kwa mibonyezo mifupi, hadi uwake kuanzia katikati kwenda pembeni kwa usawa. Ukiona upande mmoja unawaka kabla, kwaruza koili taratibu kwa ncha ya kibano mpaka ikae sawa. Ngoja ipoe. Sokota ncha ya pamba iwe nyembamba, ipitishe, ivute kwa kanuni ya mjomba, kisha rudisha nyuma kidogo ili nyuzi za ndani zilegee.

Mikia ndiyo inayowashinda wengi. Mikia ikiwa mirefu inajikunja chini, inajibana kwenye matundu ya kupitishia flava, na utambi unakabwa koo huku katikati ukiwa umepangwa vizuri. Ikiwa mifupi haifiki, au inaacha tundu wazi flava ikavuja mpaka mfukoni. Naikata ifike ukingo wa kitako na kuzidi kidogo, kwa mkasi mkali na kwa mshazari, halafu naichambua ncha kwa sindano, natoa nyuzi zilizo huru. Mkia unatakiwa uwe mwembamba kuliko sehemu iliyo ndani ya koili. Naingiza kwenye tundu lake kwa kuulaza. Sishindilii.

Nalowesha polepole, tone kwa tone, pande zote, mpaka vipovu vikome kutoka na pamba iache kuwa nyeupe. Nabonyeza mara chache kwa wati kidogo bila kuvuta, natazama: mvuke ukitoka sawa urefu wote wa koili, umefanikiwa. Ukiona sehemu inatoa cheche za maji au sehemu haitoi kitu, fungua tena sasa hivi, usijipe moyo kwamba itajirekebisha. Kwenye kifaa chenye tangi la flava, nafunga na kuliacha dakika kama kumi kabla ya kuvuta mara ya kwanza. Vijana hawana dakika kumi. Wanarudi jioni na pamba nyeusi.

Flava nayo ina tabia zake. Yenye glisirini nyingi ni nzito, inataka mikia miembamba zaidi. Yenye propilini glaikoli nyingi ni nyepesi, inapita upesi na inataka pamba iliyojaa kidogo ili isivuje. Joto linailainisha, kwa hiyo Januari, kifaa kikiachwa juani kwenye dashibodi ya bajaji, hata utambi mzuri utavuja, na hilo si kosa la pamba.

Wapo wanaotaka kuongeza harufu wenyewe. Nimeulizwa mafuta ya karafuu, nimeulizwa mafuta ya nazi, "si ya asili, fundi?" Jibu langu ni hapana, na silipunguzi makali. Mafuta ya asili ni ya kula na kujipaka. Yakigeuzwa ukungu na kuvutwa ndani yanaweza kuumiza mapafu vibaya. Mwaka 2019 Marekani kulizuka ugonjwa wa mapafu kwa watu wanaovuta vepu, na hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufariki, waliofariki wakiwa 68. Kitu kilichohusishwa nao kwa nguvu ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye flava za bangi. Mteja akinijibu kwamba ya kwake ni ya karafuu ya Zanzibar safi kabisa, namrudishia kifaa chake bila kukigusa.

Muda wa kubadilisha siutaji kwa siku, kwa kuwa unategemea utamu wa flava na uvutaji wa mtu. Flava zenye kitamutamu huganda kwenye waya zikawa masizi meusi, pamba ikazibwa kwa ndani ingawa mikia bado ni mieupe. Dalili ni ladha kufifia kabla haijaungua. Mwenye kusubiri iungue amechelewa. Ukibadilisha, toa pamba yote kwanza, ndipo upashe waya kuchoma masizi na kuusugua. Pamba ikiwamo itawaka moto.

Pamba iliyotumika naitia kwenye kopo lenye mfuniko, situpi chini ya meza. Imelowa nikotini, inayopenya hata kwenye ngozi, na barazani kwangu wanashinda watoto wa shule wanaosubiri simu za wazazi wao. Kopo likijaa nalimwagia maji na sabuni, nafunga kwenye mfuko, linakwenda na taka za asubuhi.